Shule ya Sekondari ya Juu Nchini Japani: Raha ya Kundi na Gharama Yake

Ifikapo mwanzoni mwa mwezi Aprili, wakati maua ya mti wa sakura yanapochanua katika miji kama Tokyo na Osaka, mamia ya maelfu ya vijana wa Kijapani wenye umri wa miaka 15 huvaa sare mpya na kuketi safu kwa safu katika kumbi za michezo za shule zao. Mwalimu mkuu huhutubia. Mmoja wa wanafunzi wapya husoma ahadi kwa niaba ya wenzake, na wazazi waliovalia mavazi ya heshima hupanga foleni langoni ili kupiga picha kando ya ubao wenye jina la shule. Hivyo ndivyo inavyoanza miaka mitatu ambayo Wajapani wengi, hata wakizeeka, huizungumzia kwa hamu kuliko kipindi kingine chochote cha maisha yao. Hata hivyo, wapo pia wasiotaka kabisa kukumbushwa miaka hiyo.

Mfumo wa elimu wa Japani wa leo uliasisiwa kwa sheria za mwaka 1947, miaka miwili tu baada ya nchi hiyo kushindwa vitani. Mtoto husoma miaka sita ya shule ya msingi, mitatu ya sekondari ya chini na mitatu ya sekondari ya juu. Miaka tisa ya mwanzo ni ya lazima kisheria, ilhali sekondari ya juu si ya lazima na kuingia kwake aghalabu huhitaji mtihani. Pamoja na hayo, zaidi ya asilimia 98 ya wanaomaliza sekondari ya chini huendelea na masomo, na mwaka 2010 serikali iliondoa ada katika shule za umma, ijapokuwa baadaye iliweka masharti yanayohusu kipato cha wazazi. Kwa maneno mengine, karibu kila Mjapani hupitia mlango huu, na desturi zinazofundishwa humo huwa ndizo desturi za taifa.

Na desturi huanzia mlangoni hasa. Mwanafunzi anapofika asubuhi huvua viatu vyake, huviweka katika kisanduku chake miongoni mwa mamia ya visanduku vilivyopangwa ukutani, kisha huvaa viatu vyepesi vya ndani. Vumbi la barabarani haliruhusiwi kuvuka hapo. Mzaliwa wa Unguja, Lamu au Maskati, aliyelelewa kuacha makubadhi barazani, hatahitaji kuelezwa sababu. Darasa huwa na wanafunzi wasiozidi 40 katika shule nyingi za umma, na chumba ni chao mwaka mzima: walimu ndio wanaohama kutoka darasa moja hadi jingine, si wanafunzi. Mwalimu anapoingia, mwanafunzi wa zamu hutoa amri tatu fupi za kusimama, kuinama kwa salamu na kuketi. Huyo wa zamu hubadilika kila siku, hufuta ubao baada ya kila somo na jioni huandika daftari la darasa: nani hakuja, nini kilifundishwa, siku ilikwendaje. Hachaguliwi kwa sababu ya kuwa hodari au mpole. Zamu humfikia kila mtu, apende asipende.

Saa za masomo zinapokwisha, au kabla ya vipindi vya mwisho katika baadhi ya shule, hufuata jambo ambalo limeandikwa mno katika magazeti ya Ulaya na Marekani. Wanafunzi husukuma madawati upande mmoja, huchukua mifagio, ndoo na matambara, na kwa muda wa takriban robo saa hufagia na kupiga deki vyumba, ngazi, korido na vyoo. Kazi hugawanywa kwa vikundi na vikundi hubadilishana sehemu. Shule huwa na mhudumu wa kutengeneza vilivyoharibika, lakini usafi wa kila siku ni wa wanafunzi wenyewe.

Msikilizaji aliyesoma Tanga, Kisumu au Bujumbura huenda akauliza la ajabu ni lipi, kwa kuwa naye alifagia uwanja wa shule na kumwagilia maua kabla ya kengele ya kwanza. Tofauti iko katika maana inayopewa kazi yenyewe. Katika shule nyingi za Afrika Mashariki kufyeka nyasi au kuosha choo kumekuwa pia ni adhabu ya aliyechelewa, na mtoto hujifunza kwamba ufagio ni fedheha. Nchini Japani usafi umo ndani ya ratiba kama somo, katika kundi la shughuli za nje ya vitabu ambazo kwa kifupi huitwa tokkatsu, pamoja na vikao vya darasa na sherehe za shule. Wapo wanaoihusisha desturi hiyo na mahekalu ya Kibudha, ambako kufagia ni sehemu ya mafunzo ya mtawa. Mwezi Novemba 2022, mashabiki wa Japani walipobaki katika Uwanja wa Kimataifa wa Khalifa mjini Doha wakiokota takataka kwa mifuko ya buluu, baada ya timu yao kuishinda Ujerumani mabao 2 kwa 1, wengi katika Ghuba waliduwaa. Kwao mashabiki wale lilikuwa ni jambo walilolifanya kila siku tangu wakiwa na umri wa miaka sita. Misri nayo ilivutiwa: mwaka 2018 ilifungua shule za umma zinazofuata tokkatsu, na watoto wa Kimisri wakaanza kupeana zamu za darasa.

Jioni ndipo moyo wa shule unapodunda. Wanafunzi wengi hawarudi nyumbani baada ya masomo bali hukimbilia vilabu vyao, vinavyojulikana kwa jina la bukatsu. Kuna vya michezo kama besiboli, soka, judo, kendo na mpira wa kikapu, na kuna vya utamaduni kama bendi ya tarumbeta, maandishi ya brashi, utayarishaji wa chai, sayansi na uchoraji. Mwanafunzi kwa kawaida huchagua kimoja na kukaa nacho miaka yote mitatu, kuhamahama hakupendezi. Waliokulia Ghuba na kuitazama katuni ya Captain Majid kwa Kiarabu walikuwa, bila ya kujua, wakiangalia hadithi ya Kijapani ya Captain Tsubasa na ulimwengu huu huu wa timu za shule.

Ndani ya klabu, umri ni ngazi. Aliyetangulia kuingia shuleni, hata kwa mwaka mmoja, ni senpai. Anayemfuata ni kohai. Kohai humsalimia senpai kwanza, huzungumza naye kwa lugha ya adabu, hubeba mipira na kuandaa uwanja. Senpai naye hana budi kumfundisha, na hulaumiwa kohai wake akiharibikiwa. Anayezungumza Kiswahili na kuijua shikamoo ataielewa adabu hiyo upesi, ila huenda akashangaa kuona pengo la miezi kumi na miwili tu likitosha kuileta.

Kilele cha vilabu vyote ni besiboli, na kilele cha besiboli ni uwanja wa Koshien katika mji wa Nishinomiya, mkoa wa Hyogo. Mashindano ya taifa ya shule yalianza mwaka 1915, na tangu uwanja huo ulipofunguliwa mwaka 1924 ndio umekuwa makao yake. Kila msimu wa joto timu zaidi ya 3,000 hushindana mikoani kwa mtindo wa kushindwa mara moja na kutoka. Zinazobaki ni 49: moja kwa kila mkoa, isipokuwa Tokyo na Hokkaido ambazo hupeleka mbili mbili. Michezo huoneshwa moja kwa moja na runinga ya taifa, na mzee asiyejua hata jina la mchezaji mmoja hukaa mbele yake kwa sababu tu mkoa aliozaliwa unacheza. Timu hupiga mistari miwili na kuinamiana kabla na baada ya mchezo. Walioshinda huimba wimbo wa shule yao. Ikifika saa sita mchana tarehe 15 Agosti, siku ya kukumbuka mwisho wa vita, mchezo husimamishwa, king'ora hulia na uwanja mzima huinamisha vichwa.

Walioshindwa, kabla ya kuondoka, hupiga magoti na kujaza udongo wa uwanja katika mifuko midogo ili wende nao nyumbani. Mwaka 1958 vijana wa Shule ya Shuri kutoka Okinawa walifanya hivyo baada ya kutolewa katika mchezo wao wa kwanza. Wakati huo Okinawa ilikuwa chini ya utawala wa Marekani, na kisheria udongo wa Japani ulihesabiwa kuwa udongo wa ugenini. Meli ilipofika bandari ya Naha, maofisa wa karantini ya mimea waliuchukua na kuutupa. Habari hizo zilipoenea, wahudumu wa shirika la ndege la Japan Airlines waliwapelekea vijana hao kokoto kutoka ufuo wa karibu na Koshien, kwa kuwa kokoto hazizuiwi na karantini. Mawe hayo yamewekwa katika mnara wa kumbukumbu shuleni kwao. Okinawa ilirejeshwa kwa Japani mwaka 1972, na mwaka 2010 Shule ya Konan ikawa ya kwanza kutoka kisiwa hicho kulitwaa taji la msimu wa joto.

Ni vigumu kuisikia habari kama hiyo bila ya kuupenda mfumo uliowalea vijana wale. Lakini kundi lile lile linalompa kijana mahali pa kusimama laweza pia kumkandamiza. Kwa miaka mingi wachezaji wa besiboli walilazimika kunyoa vichwa vyao. Mazoezi yaliendelea hadi usiku, Jumamosi na Jumapili, na baadhi ya makocha walipiga wanafunzi ingawa sheria ya mwaka 1947 ilikataza adhabu ya viboko. Mwezi Desemba 2012, nahodha wa timu ya mpira wa kikapu katika shule moja ya mjini Osaka, mwenye umri wa miaka 17, alijiua baada ya kupigwa mara kwa mara na kocha wake. Kifo hicho kililitikisa taifa zima. Hoja ya kwamba makofi humkomaza mchezaji, iliyokuwa ikitolewa hadharani bila ya haya, haikuweza tena kusemwa kwa urahisi. Mwaka 2018 Shirika la Michezo la serikali lilitoa mwongozo kwamba vilabu vipumzike angalau siku mbili kwa wiki, na mazoezi yasizidi takriban saa mbili katika siku za masomo na saa tatu katika siku za mapumziko.

Mabadiliko ya kweli, hata hivyo, mara nyingi hayaletwi na miongozo bali na ushindi. Mwezi Agosti 2023 ubingwa wa Koshien ulichukuliwa na Shule ya Keio kutoka mkoa wa Kanagawa, iliyokuwa haijalitwaa taji hilo tangu mwaka 1916. Wachezaji wake walikuwa na nywele vichwani, walitabasamu wakicheza, na kocha wao alijulikana kwa kuwaachia wafikiri wenyewe. Vijana walionyolewa hawakuisha, lakini hakuna tena awezaye kudai kwamba wembe ndio unaoleta ubingwa.

Suala la nywele, kwa hakika, limevuka mipaka ya michezo. Kila shule ina kanuni zake juu ya urefu wa sketi, soksi, mapambo, vibarua baada ya masomo na rangi ya nywele. Nyingi zilikazwa katika miaka ya 1970 na 1980, wakati vurugu za wanafunzi ziliposumbua shule. Mwaka 2017 binti mmoja aliyekuwa akisoma katika shule ya umma mkoani Osaka alifungua kesi. Alieleza kwamba nywele zake ni za kahawia kwa maumbile, na kwamba walimu walimtaka mara kwa mara azitie rangi nyeusi hadi akashindwa kuendelea kuhudhuria. Kanuni iliyopiga marufuku rangi za nywele ikawa, kwa njia hiyo, inamlazimisha mtu kutumia rangi, na hapana mahakama iliyohitajika ili kuiona kasoro hiyo. Mwezi Februari 2021 Mahakama ya Wilaya ya Osaka iliamuru alipwe yeni 330,000, kwa sababu shule ilikuwa imeliondoa jina lake katika orodha ya darasa pamoja na kiti chake. Lakini kuhusu kanuni yenyewe, mahakama ilisema shule ilikuwa na haki ya kuiweka.

Kwa wanaharakati hukumu hiyo ilikuwa ushindi nusu. Nje ya mahakama mambo yalikwenda kasi zaidi. Umma ulikwisha kuzipachika kanuni za aina hiyo jina la kanuni nyeusi, kwa maana ya kanuni za dhuluma, na kuanzia mwaka wa masomo wa 2022 Bodi ya Elimu ya Tokyo iliziondoa katika shule zake za sekondari ya juu, zikiwemo za kulazimisha nywele nyeusi na za kuainisha rangi ya nguo za ndani. Mwaka huo huo Wizara ya Elimu iliufanyia marekebisho mwongozo wake kwa walimu, ikisema ni vyema kanuni za shule zitangazwe hadharani na wanafunzi washirikishwe katika kuzijadili. Sare nazo hazikubaki nyuma. Koti jeusi la wavulana lenye kola iliyosimama liliigwa kutoka sare za kijeshi za Ulaya katika karne ya 19, na vazi la mabaharia wa Ulaya likawa sare ya wasichana katika miaka ya 1920. Leo shule nyingi zimechagua koti la kawaida na tai, na zinazoruhusu wasichana kuvaa suruali zinaongezeka.

Si kila siku ni ya kanuni na jasho. Katika sherehe ya utamaduni, ambayo shule nyingi huifanya msimu wa vuli, kila darasa hugeuza chumba chake kuwa mgahawa, ukumbi wa tamthilia au nyumba ya mizimwi, na majirani huja kununua tambi za kukaangwa zilizopikwa na vijana wasiowahi kushika sufuria. Kuna siku ya michezo, na kuna safari ya shule, ambayo hufanywa zaidi mwaka wa pili, kwenda Kyoto, Hiroshima au Okinawa. Desturi ya safari hizo huhesabiwa tangu mwaka 1886, wakati wanafunzi wa Chuo cha Ualimu cha Tokyo walipokwenda kwa miguu hadi Choshi, mkoani Chiba, wakichanganya mazoezi ya kijeshi na uchunguzi wa mimea na wanyama. Vijana wa leo huenda kwa treni ziendazo kasi, na elimu ya mimea si jambo linalowakosesha usingizi.

Mwaka wa tatu hali hubadilika. Vilabu huagwa katika msimu wa joto na jioni huhamia katika vituo vya tuisheni. Katikati ya mwezi Januari takriban watahiniwa nusu milioni hufanya mtihani wa pamoja wa kujiunga na vyuo vikuu, ambao mwaka 2021 uliuchukua nafasi ya ule ulioanza mwaka 1990. Kabla ya siku hiyo mahekalu ya Tenmangu hufurika. Anayeombwa humo ni Sugawara no Michizane, mwanachuoni na mshairi aliyefariki uhamishoni Dazaifu mwaka 903 na baadaye akaabudiwa kama mungu wa elimu. Wanafunzi huandika dua zao katika vibao vidogo vya mbao na kuvitundika, mamia kwa mamia, jina la chuo likiwa limeandikwa kwa uangalifu mkubwa ili lisikosewe. Kisha huja mwezi Machi na mahafali. Katika shule zenye koti la kola iliyosimama, msichana alikuwa akimwomba kijana anayempenda kifungo cha pili kutoka juu, kile kilicho karibu na moyo, na wapo vijana walioondoka langoni bila ya kifungo hata kimoja. Tangu makoti ya tai yaenee, desturi hiyo inafifia.

Lipo jambo jingine linalozibadili shule hizi kuliko hukumu za mahakama. Mwaka 1989 wanafunzi wa sekondari ya juu walizidi milioni 5 na nusu. Sasa hawafiki milioni 3, kwa sababu watoto wanaozaliwa wanapungua mwaka hadi mwaka. Tena, takriban mmoja kati ya kila kumi miongoni mwao anasoma kwa masafa, bila ya kengele, ufagio wala senpai. Shule ya N, iliyofunguliwa mwaka 2016 na yenye makao yake Okinawa, imewavutia maelfu kwa masomo ya intaneti, wakiwemo wale waliochoshwa na maisha ya kundi au kuonewa na wenzao.

Vijijini shule hufungwa au kuunganishwa. Mwanzoni mwa mwaka 2016 habari zilienea duniani kwamba stesheni moja ya reli huko Hokkaido iliachwa wazi kwa ajili ya msichana mmoja tu aliyekuwa akienda shule. Habari zenyewe zilitiwa chumvi na hata jina la stesheni lilikosewa, lakini msichana alikuwepo, stesheni yake ya Kyu-Shirataki ilikuwepo, na mwezi Machi mwaka huo alihitimu nayo ikafungwa. Katika mji wa kisiwani wa Ama, mkoani Shimane, Shule ya Oki-Dozen ilikuwa imebakiwa na wanafunzi wasiofika 100 mwaka 2008. Wakaazi walijua kwamba shule ikifungwa familia zitahama na kisiwa kitakuwa cha wazee watupu. Hivyo wakawaalika vijana wa miji mikubwa wavuke bahari kwa feri waje kukaa bweni na kusoma nao, na shule ikafufuka.

Kwingineko dawa ni kuungana. Katika michuano ya besiboli ya mikoa, shule zisizoweza kupata wachezaji tisa huruhusiwa kuunda timu moja na shule jirani. Vijana hao hufanya mazoezi ya pamoja mwishoni mwa wiki, wengine wakisafiri muda mrefu kwa basi ili kukutana. Siku ya mchezo hupiga mstari mmoja mbele ya mwamuzi, kila mmoja akiwa na sare ya shule yake, rangi tatu au nne katika timu moja, na huinama kwa pamoja.